Mrejesho: Mwalimu mpya wa Baiolojia, kidato cha kwanza, Kongwa

Walimu wenzangu, shikamooni wakubwa. Mwezi Januari niliomba ushauri: nimepangiwa sekondari ya kata wilayani Kongwa, kidato cha kwanza kimefurika, na nikifundisha kwa Kiingereza wanafunzi wananikodolea macho tu.

Ulionisaidia kuliko wote ni ushauri wa kuanza na msamiati. Watoto hawa wamesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, halafu ghafla kila somo ni Kiingereza. Sasa kabla ya mada naandika maneno mapya ubaoni, tunayatamka pamoja, nayaeleza kwa Kiswahili, ndipo naingia kwenye somo. Tulipofika kwenye uainishaji wa viumbe hai niliwatoa nje, wakaleta majani ya mtama na ya alizeti. Binti mmoja ambaye hanyooshi mkono kamwe alisimama akaeleza kwamba mishipa ya jani la mtama imekwenda sambamba, ya alizeti imesukana kama wavu. Nilifurahi mno!

Majina nimeyashika kwa kuwapangia viti. Fimbo sijaigusa, na nawashukuru mliosisitiza hilo. Mtoro namfuata nyumbani nikiwa na mwenyekiti wa kitongoji. Mara nyingi tunamkuta shambani anaamia ndege, na mzazi akisikilizwa kwanza huelewa.

Maandalio ya somo hayanipi shida tena, mkuu wa idara ananielekeza vizuri. Kilichobaki ni madaftari: mikondo yote nasahihisha peke yangu hadi usiku. Mnaofundisha madarasa makubwa, mnafanyaje?