Bloku: mbona Bill Russell hayumo kwenye orodha? Na Olajuwon na Mutombo nani zaidi?

Ringi_na_Ubao
Wakuu salaam. Kwenye orodha ya NBA (ligi ya kikapu ya Marekani) ya bloku za maisha, yaani mitupo ya wapinzani uliyoizuia kwa kuugusa mpira, anaongoza Hakeem Olajuwon na 3,830, anafuata Dikembe Mutombo na 3,289, halafu Kareem Abdul-Jabbar na 3,189. Nina maswali mawili. Kwanza, Bill Russell, anayesifiwa kuwa baba wa ulinzi, yuko wapi? Pili, kama Olajuwon ndiye kinara, imekuwaje Mutombo ana tuzo 4 za mchezaji bora wa ulinzi na yeye ana 2 tu?

Karani_wa_Meza
La Russell ni jepesi mkuu. NBA ilianza kuhesabu bloku rasmi msimu wa 1973/74. Russell alistaafu 1969 na vikombe vyake 11 katika misimu 13, kwa hiyo safu yake ya bloku iko tupu. Aliyekosa padogo ni Wilt Chamberlain, aliyecheza mechi yake ya mwisho ya NBA mwaka 1973, miezi michache tu kabla hesabu haijaanza. Kareem naye amepunjwa: aliingia 1969, na misimu yake minne ya mwanzo, miguu ikiwa bado mipya, haimo kwenye hiyo 3,189. Angalia pia rekodi ya mechi moja: bloku 17 za Elmore Smith wa Lakers, Oktoba 1973. Karani kaanza tu kuandika na rekodi ikawekwa, na hadi leo haijavunjwa. Sasa jiulize kabla ya hapo ni ngapi zilipita bila kuandikwa.

Jambo la pili, usisome jumla peke yake, gawa kwa mechi. Olajuwon alicheza 1,238, inakuja 3.09 kwa mechi. Mutombo 1,196, inakuja 2.75. Mark Eaton wa Utah ana 3,064 lakini kwa mechi 875 tu, yaani 3.50. Msimu wa 1984/85 peke yake alipiga 456! Victor Wembanyama aliongoza ligi 2023/24 na 254. Kwa mwendo huo anahitaji misimu 15 na ushee, magoti yakiwa salama, kumfikia Olajuwon.

Posti_ya_Chini
Kuhusu tuzo: hupigiwa kura na waandishi msimu kwa msimu, jumla ya maisha haihusiki. Mutombo alichukua 1995, 1997, 1998 na 2001. Olajuwon 1993 na 1994.

Kwa maoni yangu hawa wawili walifanya kazi mbili tofauti. Mutombo alikuwa mlinda mlango: anakaa chini ya ringi, anayeingia anarudishwa, kisha anatikisiwa kidole. (Ligi ilipoanza kumwadhibu kwa kuwatikisia wapinzani, akawa anawageukia watazamaji.) Mfululizo wake bora wa mechi za mtoano ni wa 1994: Denver, waliofuzu nafasi ya nane, waliwatoa Seattle walioongoza kanda, 3 kwa 2, na Mutombo akapiga bloku 31 katika mechi hizo tano.

Olajuwon alikuwa anatoka nje. Msimu wa 1988/89 alipiga bloku 282 na kupora mipira 213. Hakuna mwingine aliyewahi kufikisha 200 kwa vyote viwili katika msimu mmoja. Tazama fainali ya 1994, mechi ya sita. Houston wako mbele 86 kwa 84, sekunde za mwisho, New York wakishinda hiyo ni mabingwa. Patrick Ewing wa New York anaweka kizuizi, mwenzake John Starks anapita kushoto na kuruka kutupa ya pointi tatu. Olajuwon anamwacha Ewing, anafika nje ya mstari na kuugusa mpira kwa ncha za vidole tu, ukafa njiani. Houston wakachukua na mechi ya saba. Mwaka huo Olajuwon alibeba MVP (mchezaji bora) wa msimu, MVP wa fainali na tuzo ya ulinzi, vitatu kwa mpigo. Hakuna mwingine aliyeviunganisha. Kwangu mimi Olajuwon, bila kumvunjia heshima Mutombo.

Filimbi_Tatu
Nyongeza kwa wanaotaka kuiga. Mpira unapigwa ukiwa bado unapanda. Ukishaanza kushuka kuelekea ringi, au ukishagonga ubao, ukiugusa ni kikapu halali kwao. Kosa la vijana wengi ni kuruka pamoja na mtupaji. Akidanganya kidogo tu, unamwangukia na ni faulo. Subiri mpira utoke mkononi, ruka wima, mkono usishuke.

Halafu wengi wanaotazama NBA huku wanacheza kwa sheria za FIBA (shirikisho la kikapu la dunia) hukosea hapa: FIBA, mpira ukishagonga ringi unaweza kuupangua hata ukiwa juu yake. NBA ni marufuku mpaka utoke kwenye eneo la ringi. Na tangu 2001/02 NBA hairuhusu mlinzi kukaa kwenye boksi (eneo lililochorwa chini ya ringi) zaidi ya sekunde 3 bila kumkaba mtu kwa karibu; adhabu ni mtupo huru mmoja, na mpira unarudi kwao. Bloku ya kurusha jukwaani ni tamu kwa macho, ila mpira unabaki wao. Russell alisifika kwa kuisukuma taratibu kwa mwenzake, shambulio linaanzia hapo hapo.

Ringi_na_Ubao
Nimeelewa, shukrani. Na Hasheem Thabeet, Mtanzania wetu? Urefu alikuwa nao.

Posti_ya_Chini
Alikuwa nao, na chuoni Connecticut alitisha. Memphis walimchukua wa pili drafti ya 2009 (timu za NBA zinapochagua wachezaji wapya kwa zamu), mbele ya James Harden (wa 3) na Stephen Curry (wa 7), miezi miwili tu baada ya Mutombo kuumia na kustaafu. Kufikia Februari 2010 walikuwa wamemshusha ligi ya maendeleo. Chuoni washambuliaji walimfuata alipo, chini ya ringi. NBA wakawa wanamvuta nje kwa kizuizi na kukata (mmoja anamzuia mlinzi wa mwenzake, kisha anakimbilia ringini): akitoka anapitwa, akichelewa kurudi anafanya faulo. Faulo zikijaa unakaa benchi, na benchini hakuna bloku.