Kudai matunzo ya watoto bila wakili

Mama wa Wawili, Morogoro:
Ndugu zangu, nimetengana na baba wa watoto wangu tangu mwaka jana, na ingawa ameajiriwa, hutuma fedha pale anapojisikia tu. Sina uwezo wa kumlipa wakili. Nianzie wapi?

Mzazi Mwenzako:
Pole sana, dada. Anzia kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yenu, ambaye atamwita mwenzako ili mkubaliane kiasi. Akikaidi, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakuruhusu kupeleka maombi Mahakama ya Watoto. Mahakama hupima kipato na mali za wazazi wote wawili, watoto wengine wanaowategemea, na gharama za maisha mahali watoto wanapoishi. Kwa hiyo tunza risiti za ada, sare na matibabu, hata zile ndogo.

Msaidizi wa Kisheria:
Naongezea kwamba mahakama inaweza kuamuru mshahara wake ukatwe, jambo lenye nguvu kuliko ahadi yoyote. Watoa msaada wa kisheria waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 huwahudumia bure wasio na uwezo.

Mama wa Wawili:
Asanteni. Hatukufunga ndoa, je, hilo litanizuia?

Msaidizi wa Kisheria:
Halikuzuii hata kidogo. Unachotakiwa ni kuthibitisha kwamba yeye ndiye baba, na jina lake likiwa kwenye vyeti vya kuzaliwa vya watoto, huo ni ushahidi mzuri, nenda navyo.