Banda lenye joto kwa kobe mkubwa wa Aldabra, Kunduchi: nianzie wapi?

MamaKijani_Kunduchi

Habari za humu wakuu. Naomba msaada wa wanaojua ujenzi na wanaojua makobe. Kobe ni jike wa Aldabra, gamba lina urefu wa sentimita 60, uzito kilo 46, kibali cha kumfuga kipo. Uwanja unatosha, nyasi zipo, kivuli cha mwembe kipo. Tatizo ni malazi. Analala kwenye kibanda cha mabati matupu, sakafu ya zege iliyopigwa niru. Wakati wa masika sakafu haikukauka kabisa, na tangu kipupwe kianze, asubuhi bati linatiririka maji kwa ndani na yeye hatoki mpaka saa nne. Alfajiri kipimajoto kinasoma nyuzi 19. Kula kumepungua.

Fundi mmoja anashauri nining'inize balbu mbili nyekundu za vifaranga, wati 250 kila moja. Mwingine anasema jiko la mkaa liwashwe jioni, litolewe akishalala. Nataka kujenga upya, kitu cha kudumu. Ukubwa gani, ukuta wa nini, joto litoke wapi, na umeme ukikatika inakuwaje?

Kobe_na_Kasa

Dada, jiko la mkaa liondoe kwenye mpango leo hii. Mkaa ndani ya banda dogo unatoa monoksidi ya kaboni, haina harufu, na kobe anayesinzia hatakupa dalili yoyote mpaka mambo yameharibika. Kulitoa usiku hakusaidii, gesi imeshabaki ndani.

Balbu za vifaranga zina tatizo jingine. Kifaranga ni mdogo, mwanga unamfunika mzima. Kobe wa kilo 46 ana mgongo ulioinuka, kwa hiyo kilele cha gamba kinakuwa karibu sana na balbu huku miguu na tumbo vikibaki kwenye ubaridi. Anaendelea kukaa pale kwa sababu mwili kwa ujumla bado haujapata joto, na gamba la juu linakauka na kuungua taratibu. Kwa mnyama wa ukubwa huu, pasha hewa ya chumba kizima, usipashe mgongo wake.

Ila kabla ya hita, tazama banda lenyewe. Hapa Dar kipupwe si baridi ya kutisha. Nyuzi 19 kwa kobe mkavu, asiyepigwa na upepo, ni usiku wa kawaida tu. Nyuzi 19 juu ya zege bichi, bati likimdondoshea maji, ndiko mafua ya mapafu na kuoza kwa gamba la tumbo vinakoanzia. Ukiweka hita kwenye kibanda ulicho nacho utalipa umeme mwingi na maji yatazidi kutiririka, maana hewa ya moto inabeba mvuke mwingi kisha inaukuta ukuta wa baridi.

Ningejenga hivi. Kipimo cha ndani mita 2.4 kwa 1.8, kimo mita 1.2 tu. Usijenge kimo cha mtu, joto litapanda juu na yeye yuko chini. Paa liwe mfuniko wenye bawaba ili uweze kuingia kusafisha. Msingi uinuke sentimita 20 juu ya ardhi, nailoni nene ya ujenzi chini ya zege, zege sentimita 8 hadi 10, mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita kuelekea mlangoni. Niru hapana. Zege likiwa bado bichi lipitishe ufagio mgumu libaki na mikwaruzo, kwa sababu kwenye sakafu laini miguu inateleza pembeni na mnyama mzito anaumia viungo. Juu yake tandika mkeka wa mpira ule wa mazizi ya ng'ombe, kisha nyasi kavu sentimita 10. Pumba za mpunga zina vumbi na atazila. Maranda yaache kama hujui mbao ilitiwa dawa gani.

Ukuta ni tabaka tatu. Fremu ya mbao za mbili kwa nne zilizotiwa dawa ya mchwa, nje bati au plaiwudi iliyopakwa rangi ya mafuta, katikati foamu nyeupe ya sentimita 5, ndani marini bodi ya milimita 18, ile ya kumwagia zege. Foamu isionekane hata kidogo. Kobe atang'ata kona, atameza vipande, na foamu haimeng'enywi, inaziba utumbo. Marini bodi ishuke mpaka sakafuni na ifungwe kwa skrubu, misumari itang'oka siku akiamua kusukuma.

Paa nalo foamu hiyohiyo, na juu yake bati jingine lililoachana nalo kwa sentimita 10 ili upepo upite. Hilo bati la pili ni la Januari na Februari. Foamu itakulinda na kaskazi kama inavyokulinda na kipupwe, lakini bati likilala moja kwa moja juu ya foamu, kwa jua la mchana ndani patakuwa tanuri.

Mlango usiangalie kusini wala kusini mashariki. Kusi inavuma Juni mpaka Septemba, na mvua za masika pia mara nyingi zinasukumwa kutoka upande huo. Elekeza kaskazini au kaskazini magharibi.

Fundi_Umeme_Tegeta

Naongezea upande wa umeme, na hesabu, maana wengi wananunua hita kwa macho.

Ukuta na paa vya banda hilo ni karibu mita za mraba 14.4. Nje nyuzi 18, ndani unataka 25, tofauti 7. Bati tupu linapitisha takriban wati 6 kwa kila mita ya mraba kwa kila nyuzi moja, kwa hiyo 14.4 × 6 × 7, unapoteza wati 600 muda wote. Foamu ya sentimita 5 inapitisha takriban 0.6, yaani wati 60. Weka hewa ya mlangoni na sakafu, chukulia wati 150 hadi 200. Kwa saa 12 za usiku ni yuniti 2 na kidogo. Kwa LUKU ya nyumbani, yuniti ikiwa karibu shilingi 356, usiku mmoja unakula kama shilingi 750. Kwenye bati tupu ungekaribia 3,000.

Hita inayofaa ni ile ya mapezi yenye mafuta ndani, ndogo, ya wati 700 hivi. Haina waya mwekundu wa kuunguza nyasi. Chukua yenye kitufe cha kuzungusha. Zile za skrini na rimoti ukikata umeme na kuurudisha zinabaki zimezimwa, na kazi ya thermostati, yaani swichi inayofuata joto la chumba, ni hiyohiyo, kukata na kurudisha umeme usiku kucha.

Thermostati zipo Kariakoo kwa wauza vipuri vya mashine za kutotolesha vifaranga. Nunua mbili. Ya kwanza iwashe kwenye nyuzi 23 na kuzima kwenye 25. Ya pili ifungwe kwa kufuatana na ya kwanza kwenye waya wa moto, ikate ikifika 30. Sababu ni kwamba swichi ndogo ndani ya thermostati hizi ikichoka huganda ikiwa imewaka, na hapo hita haizimi tena. Ya pili ndiyo inayomwokoa mnyama.

Kihisi cha thermostati, kile kinachopima joto, kikae kwenye kimo cha gamba, ukuta ulio mkabala na hita, mbali na mlango, ndani ya kipande cha bomba la plastiki lililotobolewa matundu. Kikianguka nje ya mlango kitasoma baridi ya nje na hita itawaka mpaka asubuhi. Kikikaa jirani na hita, hita itazima mapema na upande wa pili utabaki baridi.

Waya wa milimita 2.5 ndani ya konduiti (bomba la kupitishia waya), upite juu karibu na paa, usipite sakafuni hata kwa hatua moja. Ithi (waya wa ardhini) ifungwe. Weka breka ya kuvuja umeme ya miliampea 30, maana kuna mkojo, kuna maji, na kuna mnyama anayesukuma kila kitu. Thermostati na soketi zikae nje kwenye boksi lisiloingia maji. Hita izungushiwe uzio wa mbao za mbili kwa nne uliofungwa kwa boliti ukutani, nafasi ya sentimita 15 kila upande. Uzio wa wavu mwepesi ataulalia mpaka upinde.

Umeme ukikatika: madumu mawili ya lita 20, maji ya nyuzi 40, yawekwe ndani ya uzio wa hita. Dumu moja likipoa kutoka 40 hadi 25 linaachia karibu theluthi moja ya yuniti. Mawili yanatosha kufidia wati 100 kwa saa sita au saba, na kwa ukuta wa foamu hizo ni saa nyingi. Usiyaweke mahali atakapoyaegemea. Kobe anaweza kulala kwenye kitu cha moto bila kujisogeza mpaka anaungua.

Mfugaji_Mbezi

Mimi naona hita kwa Dar ni gharama ya bure. Makobe wa Aldabra wako Changuu hapo Zanzibar tangu 1919, walipoletwa wanne kutoka Shelisheli, na hakuna aliyewawekea umeme.

Kobe_na_Kasa

Ndugu, kwa kobe mzima, mkubwa, mwenye uwanja mkavu, nakubaliana nawe. Changuu ni kisiwa chenye ardhi ya mawe ya matumbawe, maji yanapotea chini mara tu mvua inapokatika, na usiku bahari inashikilia joto. Bara mambo ni tofauti, hasa maeneo ambayo maji yanakaa juu ya ardhi siku kadhaa baada ya mvua. Na huyu wa dada ameshapunguza kula. Aldabra anaishi kwa nyasi, na nyasi zinameng'enywa na vijidudu vya tumboni vinavyohitaji mwili kuwa na joto. Akiota jua saa mbili tu kwa siku, kisha usiku mzima yuko 19 kwenye unyevu, chakula kinakaa tumboni bila kusagika. Hita kwake ni ya wiki za kipupwe na siku za masika ambazo jua halionekani. Desemba mpaka Machi itakaa imezimwa.

Dkt_Reptilia

Kabla hujanunua hata ubao mmoja, mchunguze. Mgeuze kidogo ubavuni, watu wawili, taratibu, usimpindue chali. Angalia gamba la tumbo: sehemu laini, harufu mbaya, mabaka mekundu au meupe yanayobonyea ni kuoza. Angalia pua: kamasi au mapovu, kupumua mdomo wazi, shingo kunyooshwa kila anapovuta hewa. Ukiona mojawapo, tafuta daktari wa mifugo mwenye uzoefu na reptilia. Usimpe antibiotiki za kuku kwa kukisia, dozi ya reptilia si ya ndege.

Kama hana dalili hizo, mwogeshe maji ya uvuguvugu, nyuzi 30 hivi, dakika 20, maji yasivuke kidevu, saa tano asubuhi jua likiwa limekolea. Mkaushe kabla hajalala. Mara nyingi hamu ya kula inarudi mwili ukipata joto na maji.

Kwa kobe anayepata nafuu, ndani iwe 26 hadi 28 usiku kwa wiki mbili, kisha shusha hadi 24. Ukimpandishia joto, hewa isiwe nzito. Toboa matundu mawili ya sentimita 5, moja chini upande mmoja, jingine juu upande wa pili, yafunikwe wavu wa chuma. Nyasi zenye mkojo zitolewe kila asubuhi.

MamaKijani_Kunduchi

Nashukuru sana wakuu. Tumemwangalia tumbo leo, ni gumu, halina harufu, pua kavu. Nabaki na mawili. Mlango uwe wa aina gani ili joto lisitoke naye apite mwenyewe? Na je, naweza kutumia maboksi ya foamu ya samaki kutoka Feri badala ya kununua shiti mpya?

Kobe_na_Kasa

Maboksi ya Feri yana foamu nzuri lakini yameshanyonya maji ya samaki. Harufu ile itakuletea panya na siafu ndani ya ukuta, mahali usipoweza kusafisha. Nunua shiti mpya.

Tukiwa kwenye siafu: usimfungie ndani kwa kufuli usiku. Wakiingia hana pa kukimbilia. Kufuli na ukuta wa kuzuia wezi na mbwa viwe kwenye uzio wa uwanja, banda lenyewe libaki na mlango anaoweza kuusukuma. Dawa ya wadudu isipulizwe ndani, fagia tu masalia ya matunda kila jioni.

Mlango: upana sentimita 80, kimo 80. Anaonekana mfupi akilala, lakini akitembea anainua gamba, na bado anakua. Ning'iniza vipande vya plastiki nzito ile ya milango ya vyumba vya baridi, upana sentimita 20, kila kimoja kikifunika chenzake sentimita 5. Weka safu mbili zilizoachana sentimita 30, hewa iliyonaswa katikati ndiyo inayozuia upepo. Plastiki ifike sakafuni bila kukunjika. Njia ya kupandia iwe na mteremko mdogo, mita 1 ya urefu kwa kimo cha sentimita 20, yenye mikwaruzo.

Mwanzoni ataziogopa. Siku za kwanza funga vipande vya katikati pembeni kwa kamba aone ndani, weka majani ya mpera au maua ya haibiskasi humo, msukume taratibu saa kumi na moja na nusu jioni kabla mwili haujapoa. Akizoea kuingia, shusha kipande kimoja kimoja. Usimzoeze kwa kumbeba, atasubiri kubebwa, na kilo 46 leo zitakuwa 100 baadaye.

Fundi_Umeme_Tegeta

Ukimaliza, washa mfumo usiku mitatu kobe akiwa bado nje ya banda. Weka kipimajoto cha kukumbuka kiwango cha juu na cha chini katikati ya sakafu. Kikionyesha chini ya 23 kagua mlango na kona za paa kwanza. Kikivuka 26 sogeza kihisi mbali zaidi na ukuta wa nje. Na ile thermostati ya pili ijaribu: shika kihisi chake kwa kitambaa cha maji ya moto uone kama hita inazima. Rudia jaribio hilo kila mwaka Mei, kabla ya kipupwe.