Tupeane uzoefu: Nairobi hadi New York bila kushuka njiani

Wakuu, habari zenu. Desemba namsindikiza mama New York akamwone mjukuu wake. Ana miaka 68, hajawahi kupanda ndege. Tunatoka Arusha kwa basi, tunavuka Namanga, halafu JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, tunapanda ile ndege ya Kenya Airways ya moja kwa moja iliyoanza Oktoba 2018. Ni kama kilomita 11,800; kwenda saa 15 hivi, kurudi 14. Waliowahi kusafiri na wazee, naombeni mnieleze mlivyofanya.

*

Mkuu, mimi nilimpeleka mama 2019. Kilichomsumbua ni giza. Mnaondoka saa tano usiku, mnatua saa kumi na mbili asubuhi ya kule, na nyumbani ni saa nane mchana. Ndege inaelekea magharibi, inaufuata usiku, na Desemba jua la New York huchelewa kuchomoza. Mama alikuwa kajifunika khanga magotini, kila akiamka anafungua dirisha: "Bado hakujakucha?" Mweleze mapema, asije akadhani kuna tatizo.

Na miguu! Tulipofika viatu vilikataa kuingia kabisa, akashuka na soksi. Mvalishe viatu vya wazi au vilivyolegea, mchukulie kiti cha pembeni ya njia, na kila baada ya saa mbili mwamshe mtembee hadi nyuma. Atalalamika, wewe mwamshe tu.

*

Kwa mnaouliza kwa nini kurudi ni haraka: huko juu kuna upepo mkali unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Kwenda mnapambana nao, kurudi unawasukuma.

*

Mimi nilitoka Dar kwenda Houston kupitia Doha. Kutoka Doha peke yake ni kilomita 12,900 na ushee, saa 16. Wakala alinikatia tiketi yenye nafasi ya dakika 55 tu ya kubadilisha ndege. Ya kwanza ikachelewa, nikalala kwenye viti vya uwanja na mtoto wa miaka mitatu kifuani. Kama uwezo upo, na mzee, chukua ya moja kwa moja. Hapo sina mjadala.

*

Dada, mama ana sukari au presha? Wangu anachoma insulini. Tulienda kwanza kwa daktari wake, akatuandikia upya ratiba ya dozi, maana tofauti ya saa majira yale ni 8. Dawa zikae kwenye mkoba wa mkononi pamoja na barua ya daktari. Usithubutu kuziweka kwenye begi la chini.

*

Asanteni sana jamani. Presha anayo, kliniki tunaenda Jumatatu. Nimemsomea yote haya jioni hii tukichambua mchele. La giza limemfanya anyamaze kidogo, halafu akauliza kama anaweza kubeba rozari yake mkononi muda wote. Nimemwambia anaweza.