Mjadala: Bingwa wa msimu apoteze tiketi kwa mechi moja?

Wadau wa kikapu, naleta mezani jambo linaloniuma kila Machi. Kule Marekani, timu 68 za vyuo vikuu huingia mashindano ya taifa ya NCAA, shirikisho la michezo ya vyuo. Vyuo vimegawanyika katika ligi zaidi ya thelathini, na kila ligi ina tiketi moja ya uhakika. Hiyo haendi nayo kinara wa msimu, anaichukua mshindi wa mtoano wa siku chache. Nafasi zilizobaki hugawa kamati.

Tazameni Indiana State, 2024. Katika ligi ndogo ya Missouri Valley walishinda mechi 17 kati ya 20, wakamaliza kileleni. Fainali ya mtoano, St. Louis, Drake wakawafunga 84-80. Walikuwa na ushindi wa mechi 28, na bado kamati ikawaacha nje.

Siku chache baadaye, mjini Washington, NC State walioshika nafasi ya 10 kati ya 15 kwenye ligi kubwa ya ACC wakashinda mechi tano kwa siku tano. Nusu fainali walikuwa nyuma kwa pointi tatu dhidi ya Virginia, sekunde zikiyoyoma. Virginia wakakosa mtupo wa adhabu, Michael O'Connell akakimbia na mpira, akautupa kutoka mbali, ukagonga ubao ukaingia! Muda wa nyongeza, Virginia kwisha. Mwenzake Mohamed Diarra alikuwa amefunga Ramadhani siku zote hizo, jamani. Ile timu niliipenda kwa moyo wote.

Lakini walipochukua tiketi ya uhakika ya ACC, North Carolina, waliowafunga fainali, ikabidi wapewe nafasi kutoka fungu la kamati, lile lile walilokuwa wakilingojea Indiana State. Na North Carolina hawakupungukiwa kitu: kamati iliwapanga namba moja katika kanda yao ya mashindano ya taifa. Hapo ndipo penye dhuluma. Mkubwa akifungwa ana mlango wa pili, mdogo akifungwa amekwisha.

Watu husema bila mtoano timu za mkiani zitakata tamaa mapema. Ni kweli, na sitaki mtoano ufutwe. Ila ligi ya Ivy League walimpa tiketi bingwa wa msimu miaka yote hadi 2017 walipoanzisha mtoano wao. Mwaka huo huo Princeton, walioshinda mechi zote 14 za ligi, nusura watolewe na Penn, tena kwenye uwanja wa nyumbani wa Penn; iliwabidi wacheze muda wa nyongeza. Umemaliza msimu bila doa, halafu unapelekwa ugenini kupigania roho yako?

Pendekezo langu: kwenye ligi ndogo, kinara wa msimu aingie moja kwa moja fainali, na fainali ichezwe nyumbani kwake. Anayetaka kumvua aje amvue pale, mbele ya mashabiki wake. Mnaotetea utaratibu wa sasa, hili mnalikataa kwa hoja gani?