Ngozi ya mbuzi inakakamaa na kunuka: vijana wa Nessuit wanakosea wapi?

Mlezi_Nessuit
Hamjambo wote. Ninalea kundi la vijana 14 wa Kiogiek, jamii ya warina asali wa msitu wa Mau, hapa Nessuit karibu na Njoro; wengi wamemaliza shule na hawana kazi. Hukumu za Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, Arusha, za 2017 na 2022 zimetambua haki ya Waogiek katika ardhi ya Mau, ila kijana anataka shilingi ya wiki hii. Wanatengeneza mikoba midogo yenye umbo la mkoba wetu wa jadi wa kubebea asali, na mishipi ya shanga. Ngozi ni za mbuzi, kutoka machinjioni. Zikikaa wiki mbili kwenye maji ya magome ya muwati hutoka ngumu kama ubao, na zikinyeshewa zinanuka. Uzi wa shanga nao unakatika. Tatizo ni nini?

Ngozi_Njoro
Kata kipande kidogo shingoni, penye unene, uangalie ukingo. Ukiona mstari mweupe katikati ya kahawia, ndani ni mbichi bado, na huo ubichi ndio unaonuka. Mara nyingi chanzo ni kuanza na maji ya magome yaliyo makali mno: uso unafunga, dawa ya magome haiingii tena. Ni kama chapati iliyowekwa kwenye moto mkali.

Mkitoka machinjioni, pakeni chumvi siku hiyo hiyo, angalau theluthi ya uzito wa ngozi. Siku ya kazi ioshe, uiloweke kwenye chokaa: gramu 100 na maji lita 3 kwa kila kilo ya ngozi, siku 3 hadi 4, ukigeuza kila siku, mpaka manyoya yang'oke kwa kidole gumba. Vaeni glavu. Kwangua manyoya na nyama, suuza mara tatu.

Wengi huruka hatua inayofuata. Chokaa ikibaki ndani, ngozi haiivi vizuri na inakuwa na madoa. Chachusheni pumba za ngano (Njoro hazikosekani), konzi mbili kwa lita 5 za maji vuguvugu, usiku mmoja. Ngozi ilale humo usiku wa pili, isizidi, la sivyo inalegea na kutoboka.

Kisha magome: kilo 1 yaliyokatwakatwa, lita 5 za maji moto yasiyochemka. Anza na sehemu moja ya maji hayo kwa nne za maji safi, ongeza ukali kila baada ya siku mbili tatu, koroga asubuhi na jioni. Hesabu wiki tatu, ila anayeamua ni ule mstari mweupe, si kalenda. Tumieni beseni la plastiki. Pipa la chuma litawapa madoa meusi yasiyotoka.

Ugumu wa ubao unatokana na kukausha bila mafuta. Ngozi ikiwa na unyevu bado, paka mafuta ya mnyama, ianike kivulini, na inapoanza kukauka ivutevute juu ya ukingo wa gogo laini hadi ikauke kabisa. Hapo ndipo mikono inauma.

Maji ya chokaa yamwagwe shimoni, mbali na kisima. Mto Njoro unaishia Ziwa Nakuru. Na magome yatoke kwenye miti ya shambani inayokatwa kwa mkaa. Ya msituni yanahitaji kibali.

Shanga_Kisumu
Kuhusu uzi: shanga za bei ya chini zina kingo kali za kioo kwenye tundu, zinasaga uzi. Pitisha sindano na uzi katika kila shanga kabla ya kushona, zinazokwama zitupwe. Tumieni uzi wa nailoni uliopakwa nta ya nyuki, ambayo Waogiek hawanunui. Piga fundo kila baada ya sentimita 5, ili uzi ukikatika mahali pamoja shanga zisimwagike zote. Matundu ya ngozi yatobolewe kwanza kwa shazia (sindano nene), sindano ya shanga isilazimishwe.

Bangili ya sentimita 18 yenye safu 7, kwa shanga ndogo za saizi namba 11, inakula kama shanga 880, karibu gramu 8. Pimeni kwa gramu mnapowagawia vijana, upotevu utaonekana.

Hesabu_Ndogo
Mimi ningeanza na mabaki ya ngozi iliyokwisha kutengenezwa, yanayouzwa kwa kilo viwandani. Wiki tatu za beseni bila pesa zitawafukuza nusu ya hao 14. Mlipeni kijana kwa kipande siku anapokileta, si siku kinapouzwa. Hiyo ina maana kundi liwe na akiba ya malipo ya mwezi mzima kabla ya kuanza. Na msiige mikufu ya Kimaasai, imejaa mjini. Mkoba wa asali haujajaa. Ngozi ya pimbi iliyotumika zamani iachwe, sheria ya wanyamapori hairuhusu.

Mlezi_Nessuit
Asanteni sana, ndugu zangu. Zile ngozi 6 zilizokwisha kukauka zinaokoleka?

Ngozi_Njoro
Loweka siku mbili kwenye maji matupu. Uso ukichubuka kwa kidole, imeoza, tupa. Usipochubuka, irudishe kwenye maji mepesi ya magome uanze kupandisha ukali upya, ila usitegemee itokee laini kama iliyofanywa sawa tangu mwanzo. Itafaa kwa mishipi.