Naomba ushauri: mama mkwe anataka mtoto mwenye usonji apelekwe kwa mganga

Habari zenu ndugu zangu. Mwanangu ana miaka 4, hospitali wamethibitisha ana usonji (autism). Haongei, akiitwa hageuki, ila blenda ikiwashwa anaziba masikio na kulia. Mama mkwe anashikilia kuwa kachezewa, anataka apelekwe kwa mganga. Wifi yangu analaumu chanjo ya surua. Nimemweleza kuwa makala ya 1998 iliyozusha hofu hiyo, jarida la kitabibu la Lancet lililoichapisha lenyewe liliifuta mwaka 2010. Hakubali. Mume wangu yuko kimya tu, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi.

Mliopitia haya, mliwaelewesha vipi wakwe bila kuvunja heshima? Na nyumbani mlianza kuwasiliana na mtoto asiyeongea kwa picha au kwa ishara?